UFAFANUZI KUHUSU GHARAMA ZA DAWA ZA KUFUNGA CHOO

Wananchi na watumishi wa Serikali wenye ugonjwa sugu wa kufunga choo wanakumbushwa kuwa gharama ya dawa hupimwa kwa mwezi mzima, si kwa bei ya chupa moja. Ugonjwa huhesabiwa kuwa sugu iwapo mtu hupata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au hupata choo kigumu kwa taabu, kwa miezi mitatu au zaidi.

Mfano ni laktulosi, dawa ya maji. Mtu mzima aliyeandikiwa mililita 15 asubuhi na 15 jioni hutumia mililita 900 kwa siku 30. Chupa ya mililita 200 haimalizi wiki, hivyo atahitaji chupa tano. Vidonge vya bisakodili vya miligramu 5, kimoja au viwili wakati wa kulala, ni 30 hadi 60 kwa mwezi. Sena, itokanayo na sanamaki, imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa moja huweza kuuzwa kwa majina mengi ya biashara na kwa bei tofauti; kwa hiyo mgonjwa amwombe daktari aandike jina halisi la dawa, na aulize kama ipo ya bei nafuu inayomfaa. Asibadilishe dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Katika Halmashauri ya Ushetu, Mkoa wa Shinyanga, wakulima wa tumbaku na mahindi hupata fedha baada ya mauzo, ilhali dawa huhitajika kila mwezi. Ndiyo sababu kuchangia kabla ya kuugua kuna manufaa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, mkoa jirani wa Tabora, mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango mikoani ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kaya zinashauriwa kutenga mchango siku ile ile ya malipo ya mazao, na kuuliza kituoni ni dawa zipi zinazogharimiwa. Watumishi wa Serikali nao waulize vivyo hivyo kuhusu bima yao.

Kabla ya kununua dawa, mgonjwa ajaribu yasiyo na gharama kubwa: maji ya kutosha, mboga za majani, maharage, na ugali wa dona badala ya sembe. Aidha, amweleze mganga dawa nyingine anazotumia, kwani vidonge vya kuongeza damu huweza kufunga choo.

Mwenye damu katika choo, anayekonda bila sababu, au aliyevimba tumbo na kutapika, aende hospitali mara moja. Dalili hizo hazingojei mavuno.