Ofisi ya Taaluma chuoni: Taarifa ya mapema humnusuru mwanafunzi

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeugua katika juma la mitihani hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: kutafuta tiba na kutoa taarifa. La kwanza hulifanya bila kukumbushwa. La pili wengi hulisahau, nalo ndilo huamua iwapo mtihani huo utahesabiwa kuwa umeahirishwa kwa sababu ya msingi au kuwa mwanafunzi ameukosa bila ruhusa. Maamuzi ya namna hiyo hupitia katika ofisi ambayo wanafunzi wengi huifahamu kwa ubao wa matangazo tu, yaani Ofisi ya Taaluma.

Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ni mfano ulio karibu na wakazi wa Kilimanjaro. Kilianza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, kikafanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2004, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Mabadiliko hayo ya mwisho yalikuwa na uzito kuliko jina. Chuo kinachotunuku shahada zake chenyewe hubeba pia dhamana ya kila alama inayoandikwa katika kumbukumbu za mwanafunzi, tangu siku ya udahili hadi siku anapokabidhiwa cheti.

Kama ilivyo katika vyuo vikuu vingine vya umma, shughuli hizo husimamiwa na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, zikipitia idara, vitivo na hatimaye Seneti, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho katika masuala ya kitaaluma. Usajili, ratiba za masomo na mitihani, kuahirisha masomo, mitihani maalumu na ya marudio, rufaa za matokeo na utoaji wa hati za matokeo vyote vimo katika mkondo huo.

Hapa pana mkanganyiko unaofaa kuondolewa. Malazi, ushauri nasaha, nidhamu na serikali ya wanafunzi ni mambo ya Mshauri wa Wanafunzi. Mwanafunzi aliyefiwa atafarijiwa na kushauriwa huko, lakini ruhusa ya kutofanya mtihani haitoki huko. Wapo wanaoeleza shida yao yote kwa Mshauri, wakaondoka wakiamini kwamba suala limekwisha, kumbe upande wa taaluma hakuna hata karatasi moja iliyopokelewa.

Chukulia mwanafunzi anayeishi kwao Mabogini, kata iliyo kusini mwa mji wa Moshi, inayojulikana kwa mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Kukaa nyumbani kunampunguzia gharama ya kupanga chumba mjini. Hata hivyo, msimu wa mpunga haufuati almanaka ya chuo, na masika yanapopamba moto maji ya mlimani huteremkia tambarare. Kipindi kimoja kikimpita leo na kingine kesho, haoni hasara ya papo kwa papo. Hasara huonekana pale orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani inapobandikwa kwa sababu ya mahudhurio au kazi za darasani zisizokamilika.

Ukubwa wa hasara hiyo unaweza kupimwa. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120. Hizo ni saa 1,200, zikijumuisha mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Somo la krediti 12 pekee ni saa 120. Wastani wa mwisho, ambao wanafunzi huuita GPA, huzingatia uzito huo: somo lenye krediti nyingi huvuta wastani zaidi, liwe limefaulu vizuri au vibaya. Tofauti ya 3.4 na 3.5 ndiyo hutenganisha daraja la pili la chini na daraja la pili la juu.

Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, jambo hili hugusa pia mfuko. Bodi hutegemea taarifa za chuo kujua nani amefaulu kuendelea na mwaka unaofuata na nani ameahirisha masomo. Matokeo yasiyokamilika yanaweza kuchelewesha fedha za kujikimu, na kwa familia inayosubiri mavuno, kuchelewa huko si jambo dogo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwanafunzi huandika barua kupitia kwa mkuu wa idara yake, akiambatisha uthibitisho kama vile cheti cha daktari, kabla ya mtihani pale inapowezekana. Ombi likikubaliwa, hupangiwa mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kuwa mtihani wa kwanza. Mtihani wa marudio ni wa aliyeshindwa, na kwa kawaida alama yake huwekewa ukomo. Tofauti hiyo peke yake yatosha kumfanya mtu asikawie kuandika.

Alama za kazi za darasani nazo zihakikiwe zinapotangazwa kabla ya mtihani. Kosa la hesabu hurekebishwa kwa urahisi likiwa bado mikononi mwa mwalimu. Seneti ikishaidhinisha matokeo, njia inayobaki ni rufaa, yenye muda na masharti yake. Aliyelazwa hospitalini amtume mzazi, ndugu au mwanafunzi mwenzake kupeleka barua idarani, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe nyumbani hadi matokeo ya muhula huo yatakapoidhinishwa.