Wimbo Uliotungwa Mwaka wa Njaa

Wimbo wa Krismasi uitwao "Usiku Mtakatifu" ulianza katika nchi ya Austria, Ulaya. Maneno yake yalitungwa mwaka 1816 na padre kijana, Joseph Mohr.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Mwaka 1815 mlima Tambora, huko Indonesia, ulilipuka. Moshi wake ulitanda angani, ukapunguza joto la jua. Ulaya ikawa na baridi. Mazao yakaharibika shambani. Njaa ikaingia. Sisi wakulima twaweza kuelewa kwa nini padre huyo alitunga maneno ya kutuliza moyo.

Tarehe 24 Desemba 1818, kijijini Oberndorf, Mohr alimwomba mwalimu Franz Xaver Gruber atunge sauti ya wimbo. Usiku uleule wakauimba, Mohr akipiga gitaa. Sauti yake ni ya polepole, kama mama anayembembeleza mtoto. Hata asiyesoma noti huishika upesi.

Watu wa kawaida wakaueneza, kama familia ya Strasser, waliouza glovu sokoni huku wakiimba. Lakini watunzi walisahauliwa. Mohr alifariki mwaka 1848, akiwa maskini. Mwaka 1854 Gruber akaandika ushahidi wake. Mwaka 1995 ikaonekana karatasi ya zamani iliyoandikwa na Mohr mwenyewe. Ina noti, mwaka 1816 na majina yao wawili.