Msumeno wa injini ukizimika-zimika

Mpasua mbao amefika msituni asubuhi. Msumeno wake ni wa miaka mingi. Anavuta kamba mara kumi. Msumeno unawaka, unakohoa, kisha unazimika. Anavuta tena. Mwishowe anatoa bisibisi na kukaza skrubu moja iliyo ubavuni. Sasa msumeno unanguruma, hauzimiki. Anafurahi.

Lakini utazame mnyororo. Unazunguka wenyewe, ingawa hajabana mafuta!

Hapo ndipo penye hatari. Skrubu ile, ambayo mara nyingi ina alama LA au T, huongeza mwendo wa injini wakati imetulia. Haikuponya ugonjwa, imeuficha tu. Mtu akitoka gogo hili kwenda lile, akajikwaa huku mnyororo unazunguka, mguu unaweza kukatika. Kwa msumeno mzima, ukiachia mafuta injini hulia polepole na mnyororo husimama.

Basi tuutafute ugonjwa wenyewe. Zima injini, iache ipoe, kisha uchomoe kofia ya plagi.

Anza na mafuta. Injini hii hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Misumeno mingi ya siku hizi hutumia sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Yaani petroli lita 5 hutiwa oili mililita 100. Misumeno mingi ya zamani hutaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 200. Soma kitabu cha msumeno wako. Mafuta yaliyokaa kwenye dumu zaidi ya mwezi mmoja usiyaamini. Mimina kidogo katika chupa nyeupe. Kama yameingia maji, utayaona yamekaa chini.

Sasa fungua chujio la hewa. Katika mashamba ya miti, kama yale ya Mufindi na Njombe, unga wa mbao huliziba upesi. Injini ikikosa hewa hutoa moshi mwingi na kukosa nguvu. Likung'ute chujio. Kama ni la wavu, lioshe kwa maji ya sabuni, nalo likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

Toa plagi uitazame mdomo wake. Ukiwa wa kahawia, ni vizuri. Ukiwa mweusi na umelowa, mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Ukiwa mweupe, mafuta ni kidogo, na hilo ni baya zaidi. Nafasi kati ya ncha zake kwa kawaida ni nusu milimita.

Kuna ugonjwa mmoja ambao huwasumbua hata mafundi. Msumeno unakata vizuri kwa dakika chache, halafu unakufa. Ukiisha kupoa, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na baada ya hapo msumeno ukawaka vizuri, tundu la hewa la tangi limeziba. Petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii. Lizibue tundu hilo. Kisha, kwa waya uliopindwa ncha, vuta mpira wa mafuta ulio ndani ya tangi. Mwishoni mwake kuna chujio dogo. Likiwa jeusi, weka jipya. Mpira wenyewe ukiwa na nyufa, ubadilishe pia.

Yote hayo yakiwa mazuri, ndipo uitazame kabureta. Ndani yake mna viwambo vyembamba vinavyovuta na kupima mafuta. Kwa uzee hukakamaa, na hapo hakuna skrubu itakayosaidia. Vinunuliwe vipya.

Kama injini inatulia vizuri lakini inakufa ukibana mafuta, legeza kidogo skrubu yenye herufi L, robo ya mzunguko au pungufu. Kulegeza huongeza mafuta, kukaza huyapunguza.

Skrubu yenye herufi H usiikaze. Wengi hudanganyika hapa. Ukiikaza, msumeno hulia kwa sauti kali, ukadhani umepata nguvu. Kumbuka oili imo ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Pistoni hukwaruzika na kunata katika silinda, na msumeno umekwisha. Na kama injini inapanda mwendo yenyewe bila kubanwa, huenda inavuta hewa kwenye sili zilizochakaa. Usiendelee kuitumia. Mpelekee fundi.

Mwisho, rudi kwenye ile skrubu ya LA. Ilegeze mpaka mnyororo usimame, kisha zaidi kidogo. Injini ikitulia bila kufa, nenda kazini. Kama injini inalia polepole na mnyororo bado unazunguka, kosa liko kwenye klachi. Huenda springi zake zimechoka au zimekatika. Uache msumeno nyumbani mpaka zibadilishwe.