Kitabu cha Kigeni Kilichotafsiriwa: Tukihukumu kwa Kukisoma au kwa Kusikia?

Kijana wa Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa, ametuuliza swali ambalo tumeona faida yake ni ya wengi. Ameazima tamthiliya ya Mabepari wa Venisi. Mzee wake msikitini kamwambia ni kitabu cha makafiri, akirudishe. Mwalimu wake shuleni kamwambia ni kizuri kwa sababu kinapinga ubepari. Anauliza: amfuate nani?

Tunasema: wote wawili wanastahiki heshima yake. Lakini kila mmoja amempa hukumu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo pa kuangalia.

Tuanze na jina. Shakespeare aliipa tamthiliya hiyo jina la mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyochapishwa mwaka 1969 akiwa Rais, huyo mmoja akawa mabepari wengi. Neno bepari asili yake ni Bara Hindi, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara. Lakini Azimio la Arusha lilikwishatangazwa mwaka 1967, na masikioni mwa Watanzania bepari alikuwa mnyonyaji. Basi jalada lenyewe likamwonesha msomaji adui ni nani.

Sasa tazama yaliyomo ndani. Antonio ni mfanyabiashara, naye hukopesha bila riba. Shylock, Myahudi, hula riba. Ila kwa mkopo huu aliacha riba akaandikiana na Antonio ratili ya nyama ya mwili wake. Jina "mabepari" linawatia wote kapu moja. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 275, imetenganisha: biashara ni halali, riba ni haramu. Anayesoma kwa miwani ya siasa peke yake tofauti hiyo humpita.

Nasi pia tujihadhari na miwani yetu. Muislamu akiona riba tu, atashangilia Shylock anaposhindwa mahakamani. Lakini mtu huyo ametukanwa na kutemewa mate kwa dini yake, na mwisho analazimishwa kuwa Mkristo. Dini yetu haikubali kulazimishana imani, wala haituruhusu chuki ituzuie kufanya uadilifu. Humo pia yumo Mwanamfalme wa Moroko, anayekuja kuposa na kudharauliwa kwa rangi yake. Mwenye kukikataa kitabu bila kukisoma hayajui hayo.

Ama hukumu ya kusoma hadithi za kubuni, wanavyuoni wamehitilafiana. Wengi wa zama hizi wameruhusu maadamu hazipambi haramu, hazichezei dini wala hazimshughulishi mtu na swala zake.

Kwa hiyo ewe ndugu yetu, soma kitabu chote. Kisha jiulize: nani aliyekitafsiri, wakati gani, na anayekisifu au kukilaani anatetea nini? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na mtunzi na mtafsiri nao ni watu. Ukimaliza, rudi kwa mzee na kwa mwalimu, uwaeleze kwa upole ulichokiona. Mwambaoni kitabu kimoja hupita mikono mingi. Kisifuatwe na uvumi kila kinakokwenda.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.