Mzee Amepigwa Picha, Mbona Tena Nyama?



Hapa Sosiot tunachangia mzee apigwe picha ya MRI ya tezi dume. Daktari akisema sasa atolewe vipande vya nyama, watu hunung'unika: si tulishalipa? Basi tuelewane.

MRI ni mashine ya sumaku. Yaonyesha doa liko wapi, lakini doa laweza kuwa kansa au maambukizi tu. Atakayejua ni mtu wa maabara, akitazama nyama kwa hadubini.

Kazi ngumu ni kulinganisha hivyo viwili. Ninyi wachuma chai mnajua, jani likinyauka hujikunja. Likifika kiwandani nani atasema lilitoka mche gani? Nyama nayo ikilowekwa dawa husinyaa, kisha hukatwa nyembamba kuliko unywele. Ndiyo maana wachunguzi hutumia kompyuta kunyoosha picha ya nyama mpaka ikae juu ya ile ya MRI.

Faida ipo. Uingereza, mwaka 2017, matokeo ya wanaume 576 yalitolewa. Walipigwa picha, kisha wakachomwa sindano kila milimita 5 tezi nzima. Katika kila wagonjwa 100 wenye kansa ya hatari, picha iligundua 93. Vipande vya kawaida, visivyofuata picha, viligundua 48 tu. Kwa hiyo sindano ifuate picha.

Mkipanga mchango, hesabuni gharama zote mbili pamoja. Mzee abebe picha zenyewe, si karatasi ya majibu peke yake, na aulize kama kila chupa ya nyama imeandikwa upande ilikotoka.