Matundu Katika Mpira wa Mbao: Kufundisha Viunzi vya Metali Vinavyonasa Gesi

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliulizwa darasani swali lililomfanya anyamaze. Alikuwa amekwisha kueleza kwamba gesi hujaza chombo chochote inamotiwa. Kisha akataja kwamba siku hizi kuna unga ambao, ukijazwa ndani ya mtungi, mtungi huo hupokea gesi nyingi zaidi kuliko kama ungalikuwa mtupu. Mwanafunzi akasema, "Mwalimu, ghala lililojaa magunia litapokeaje magunia mengi kuliko ghala tupu?" Mwanachuo akajibu kwamba ndivyo vitabu vinavyosema, akaendelea na somo. Mimi niliketi nyuma ya darasa nikimpima, na sikuweza kumlaumu sana, kwani siku ile nami nisingalijibu vizuri zaidi. Makala haya yanajaribu kutoa jibu ambalo swali lile lilistahili.

Molekuli za gesi ndani ya mtungi mtupu huruka huku na huko, na baina yao mna nafasi kubwa. Ili kuzisogeza karibu tunalazimika kuongeza kanieneo, yaani kutumia nguvu na mtungi mnene. Lakini uso wa kitu kigumu huzivuta kidogo molekuli zinazougusa, nazo hunata hapo kwa muda, zikipangana karibu karibu kama zilivyo katika kimiminiko. Afadhali basi kuacha mfano wa ghala na kutumia ule wa popo. Chumba kitupu hakitoshi popo wengi wakiwa wanaruka. Kiwekwe kenchi na popo mamia wataning'inia pamoja. Mwalimu asichanganye jambo hili na sifongo inayokunywa maji. Gesi hainywewi na kitu kigumu. Inashikamana na uso wake tu, hata kama uso huo umo ndani ya vishimo. Tena aseme wazi kwamba faida hii hupatikana kanieneo kisipokuwa kikubwa mno. Kikizidi sana, mahali panapokaliwa na unga wenyewe huanza kuwa hasara.

Linalotakiwa, kwa hiyo, ni uso mwingi katika kitu kidogo. Chukua kipande cha sabuni cha mraba chenye ubavu wa sentimita 4: uso wake wote ni sentimita za mraba 96. Kikate vipande 8 vilivyo sawa, utapata 192. Vikate tena viwe 64, utapata 384, na sabuni haikuongezeka hata chembe. Mkaa hunasa harufu na rangi kwa sababu hiyo hiyo. Ila vishimo vya mkaa vimejiumba ovyo, vikubwa kwa vidogo, na hakuna aliyevipanga.

Aliyefikiria kuvipanga alikuwa mwalimu akitengeneza zana za kufundishia. Mwaka 1974 Richard Robson, wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, alihitaji mipira ya mbao iwe mfano wa atomu, ili wanafunzi waunde molekuli kwa mikono yao. Ilimbidi kuwaonyesha mafundi mahali pa kutoboa kila tundu. Mipira iliporudi akaona kwamba maarifa yote yamo katika matundu: yakitobolewa mahali pake, mwanafunzi hana budi kupata umbo sahihi, hata asipolijua. Akajiuliza kama atomu zenyewe zingeweza kutumiwa hivyo. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla hajajaribu. Mwaka 1989 alitangaza fuwele iliyoundwa kwa ioni za shaba na molekuli zenye mikono minne, zilizojipanga kama kaboni ndani ya almasi, lakini zikiacha vyumba vikubwa katikati.

Vyumba vile vilibomoka kwa urahisi. Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha mwaka 1997 kiunzi ambacho gesi za methani, nitrojeni na oksijeni huingia na kutoka bila umbo lake kuharibika. Mwaka 1999 Omar Yaghi, mzaliwa wa Amman, Yordani, akifanya kazi Marekani, alitangaza kiunzi kiitwacho MOF-5. Mafundo yake ni ya zinki na oksijeni. Vijiti vyake hutokana na asidi ya terefithaliki, ile ile inayotumika katika plastiki ya chupa za maji. Gramu chache tu zina uso unaolingana na kiwanja cha mpira. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Wanafunzi watauliza faida yake: viunzi vya namna hii vimetumiwa kunasa hewa ya ukaa, na hata kukamua maji kutoka hewa ya jangwa la Arizona, vikinasa mvuke usiku na kuuachia jua linapopanda. Waambiwe pia kwamba MOF-5 yenyewe huharibiwa na unyevu.

Darasani hatuwezi kuitengeneza, na hatuna haja. Udongo wa mfinyanzi na njiti zatosha. Wape wanafunzi mpira mmoja na njiti nne, uwaagize wazichomeke zikae mbali kila moja na nyingine kadiri iwezekanavyo. Wengi watazipanga bapa kama msalaba, pembe ya digrii 90; usiwasahihishe. Atatokea mmoja atakayeinua njiti moja juu, na hapo watafikia digrii 109 na nusu bila kuambiwa. Kisha kila kundi litoboe mipira 8 yenye matundu sita, iunganishwe kwa njiti 12: hicho ni chumba kimoja cha MOF-5. Kundi jingine litumie njiti zenye urefu maradufu, mipira ikiwa ile ile. Waulize ukubwa wa chumba umeongezeka mara ngapi; wengi watasema mbili, kumbe ni karibu mara nane. Ndivyo Yaghi na wenzake walivyopata aina 16 za kiunzi kile, kwa kubadili vijiti na kuyaacha mafundo.

Kosa nililolifanya mimi mara ya kwanza ni kuitoboa mipira yote nyumbani usiku ili kuokoa muda. Somo lilikwenda haraka, na hakuna aliyeuliza kitu. Watoboe wenyewe, siku mbili kabla ya kipindi, na mipira ianikwe kivulini. Ikianikwa juani hupasuka penye matundu.