Je, Wajua? Viza ya Kutembea Haipandi Jukwaani

Je, wajua kwamba msanii hawezi kujiombea mwenyewe ruhusa ya kupiga shoo Marekani? Anayeomba ni mwenyeji: promota, wakala au taasisi iliyoko kule, kwa fomu I-129 inayopelekwa USCIS, idara yao ya uhamiaji. Ombi likipita ndipo msanii aende ubalozini kufanyiwa usaili, na hapo kila kichwa kinalipa dola 205 za viza. Ukinyimwa, hela hairudi.

Je, wajua kwamba shoo ya bure nayo ni kazi? Wasanii wengi huingia kwa viza ya matembezi wakiamini kuwa bila malipo hakuna kosa. Kwa Marekani, mwanamuziki wa kulipwa anahesabiwa yuko kazini hata asipopewa senti. Milango ya pembeni ni michache na myembamba: shindano ambalo hakuna malipo ila zawadi, au ziara ya utamaduni inayogharimiwa na serikali yako, mbele ya watazamaji wasiolipa kiingilio.

Madaraja ni mengi. O-1 ni ya msanii mmoja mwenye kipaji kisicho cha kawaida, P-1 ya bendi inayotambulika kimataifa, na P-3 ya sanaa inayobeba utamaduni wa jamii fulani. Mimi ningekuwa na kikundi cha taarab au cha ngoma, ningeanza na P-3, kwa sababu haikulazimishi kuthibitisha kwamba dunia nzima inakujua.

P-1 ina mtego wake. Robo tatu ya wanabendi lazima wawe wamekaa kwenye bendi mwaka mmoja au zaidi. Bendi ya watu 12 inatakiwa iwe na wakongwe 9. Wacheza shoo wapya mliowachukua mwezi uliopita wanaweza kuikwamisha safari nzima.

Na kundi kubwa? Tangu Aprili 2024 ombi moja halibebi majina zaidi ya 25, na ada ya kawaida ya ombi la P ilipaa kutoka dola 460 hadi 1,015. Okestra ya taarab yenye watu 30, wapiga fidla, ganuni na waitikiaji wote, inahitaji maombi mawili.

Je, wajua kwamba hata chama cha wafanyakazi kina la kusema? Ombi la mwanamuziki huambatana na barua ya maoni kutoka chama cha wenzake wa Marekani, ambacho kwa wanamuziki ni American Federation of Musicians. Wivu huu wa ajira ni wa zamani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930, Uingereza ilizifungia bendi za Marekani kwa shinikizo la chama cha wanamuziki wake. Mwaka 1949, Sidney Bechet, mpuliza saksofoni na klarineti kutoka New Orleans, alitokea London kama mtazamaji tu ukumbini, kisha "akaombwa" apande jukwaani. Mapromota wakapelekwa mahakamani na kutozwa faini. Mlango ulifunguka 1956 kwa kubadilishana: bendi ya Stan Kenton ikaingia Uingereza, ya Ted Heath ikaenda Marekani.

Kwa nini ofisa wa viza humkazia macho mcheza shoo? Muulize Mkongo yeyote wa umri wa kati atakutajia mwanamuziki Papa Wemba. Februari 2003 polisi wa Ufaransa walimkamata wakimtuhumu kuwaingiza Ulaya watu waliolipia nafasi wakiandikwa kama wanabendi. Novemba 2004 mahakama ikamtia hatiani. Waliotaka kuzamia walipata njia kwa muda. Wapiga gitaa wa kweli waliokuja baadaye ndio waliobaki kujieleza dirishani.

Umaarufu nao si ngao. Ibrahim Ferrer, yule mzee wa Buena Vista Social Club kutoka Kuba, alishinda Grammy mwaka 2004 akiwa kwao. Marekani ilimnyima viza ya kwenda kuipokea.

Ulaya je? Viza ya Schengen hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90. Inakuvusha mipaka, lakini ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na kila nchi kwa sheria zake. Shoo ya Brussels na ya Berlin zinaweza kudai makaratasi tofauti. Uingereza ina afueni moja: orodha ya matamasha, Edinburgh Fringe likiwemo, ambako msanii aliyealikwa hupiga na kulipwa kwa viza ya mgeni wa kawaida.

Je, wajua kwamba ala nayo huweza kuhitaji karatasi? Engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda, kwa jadi huwambwa ngozi ya kenge, na kenge wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini. Mpingo nao umo, ila klarineti ya mpingo imesamehewa tangu 2019 ikiwa imeshatengenezwa. Gogo la mpingo halijasamehewa.

Nyumbani pia kuna foleni. Mtanzania anayekwenda kutumbuiza nje anatakiwa awe na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984.

Pesa je? Marekani hukata asilimia 30 ya malipo ghafi ya msanii mgeni, isipokuwa pawe na makubaliano ya mapema na mamlaka ya kodi.

Basi ndugu msanii, promota akikualika Marekani, mdai nakala ya I-797, barua ya USCIS inayothibitisha kwamba ombi limekubaliwa, kabla hujamkabidhi hata shilingi. Ina namba ya risiti. Iingize kwenye tovuti ya USCIS, utaona mwenyewe bila malipo ombi hilo limefikia wapi.